Trekta Nililolichagua Bila Kuligusa

Vijana wangu wa karakana,

Mliponiaga mwezi uliopita mlinipa kitenge, saa ya ukutani na daftari kubwa lenye jalada gumu. Kitenge nimeshona, saa nimeitundika, daftari limekaa mezani wiki tatu likinitazama. Ni nyinyi mliosema niandike yote ninayoyajua kuhusu matrekta ya zamani, ili mkikwama msinisumbue kwa simu. Nimewaelewa vizuri: mnataka niandike ili nisije kila Jumatatu kuwasimamia. Basi nitaandika, ila kwa mpangilio wangu. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo nilipata viwili katika miaka thelathini na sita, na mshahara wa fundi wa shamba hauhitaji ukurasa.

Nilifika pale nikiwa na miaka ishirini na mbili, cheti cha ufundi kikiwa kwenye bahasha ya kaki. Kutoka Dodoma mjini, ukapita Msalato na kuendelea na njia ya Kondoa, ilikuwa karibu kutwa nzima juu ya lori la magunia. Siku hizi mnapita kwenye lami, mnatazama uwanja mpya wa ndege, na mnafika kabla soda haijapata joto. Mimi nilifika nikiwa mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu, na mtu wa kwanza kuniona karakana alidhani ni msichana aliyekuja kuomba kazi ya jikoni.

Mtu huyo alikuwa Mzee Yona, fundi mkuu, Mgogo mfupi aliyevaa ovaroli moja ya bluu mpaka ikawa kijivu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akachukua bahasha yangu, akaisoma mpaka mwisho bila kubadilisha uso. Kisha akaniuliza, "Unaweza kunyamaza?"

Nikasema naweza.

"Haya, kaa pale kwenye tairi. Kesho asubuhi matrekta yakiwashwa, usishike kitu. Sikiliza tu."

Wiki nzima sikushika spana. Kila asubuhi nilikaa juu ya tairi bovu nikisikiliza madereva wakiwasha matrekta manne, mawili mekundu na mawili ya bluu, yote yakiwa na umri unaokaribia wangu. Mzee Yona alikuwa anapita na kikombe chake cha chai ananiuliza, "La pili lile linasema nini?" Siku ya kwanza nilijibu kwamba linasema ngurungunguru. Hakucheka. Siku ya sita nikamwambia kwamba silinda moja inachelewa kushika, kama mtu anayeitikia salamu baada ya wenzake. Akanywa chai yake, akaniambia nikachukue ovaroli stoo. Huo ndio usaili nilioufanya.

Sasa niseme neno juu ya kuchagua, maana ndilo mnaloniuliza zaidi. Shamba letu halikuwahi kununua trekta jipya nikiwa pale. Alizeti, mtama na mbegu havikuwahi kutoa ziada ya kutosha, na mimi kwa kweli sikusikitika. Trekta la zamani unaliona lote. Halina sanduku la siri linalohitaji kompyuta na kijana kutoka Dar es Salaam. Ila ukilichagua vibaya, utaishi chini yake.

Mzee Yona alinifundisha kwamba rangi isikuambie kitu, ila ikiwa mpya sana ikuambie uchunguze zaidi. Tazama mahali ambapo hakuna anayekumbuka kupaka rangi. Pedali ya klachi: ikiwa imelika upande mmoja mpaka inang'aa, trekta hilo limefanya kazi miaka mingi kuliko anavyosema mwenye nalo. Tundu la kufungia plau: likiwa limeshakuwa na umbo la yai, limevuta mizigo isiyo saizi yake. Pandisha haidroliki, ile mikono ya nyuma ya kunyanyulia, na plau juu yake, zima injini, nenda kazungumze na watu. Ukirudi baada ya robo saa na plau limekaa chini, umeshajua kwamba haidroliki imechoka. Fungua kifuniko cha oili utazame chini ya kifuniko chenyewe. Ukiona povu la rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia mahali pasipotakiwa, na wewe funga kifuniko, shukuru kwa muda wao, uondoke.

Na zaidi ya hayo yote uliza majirani wanatumia aina gani. Trekta zuri ambalo spea zake hazipatikani Dodoma mjini ni pambo la uani. Nimewahi kusubiri bush moja ya ekseli ya mbele wiki saba. Tangu hapo nikaapa kwamba sitanunua trekta ambalo jirani yangu hana la kufanana nalo, ili siku ya shida nikamwombe la kwake lililokufa nilikate viungo.

Lakini kanuni yake ya kwanza, aliyoirudia mpaka nikawa naiota, ilikuwa hii: ulifikie trekta likiwa limelala. Fika mapema kuliko walivyokutarajia. Weka kiganja kwenye injini kabla hujasalimia mtu. Ikiwa ya baridi, mwambie mwenye nalo aliwashe ukiwa umesimama nyuma, kwenye bomba la moshi, utazame pumzi yake ya kwanza. Trekta lolote likishapashwa moto linaweza kujifanya zima. Likiwa baridi haliwezi.

Kanuni yake ya pili ilihusu maji. Mnajua visima vyetu. Maji yake ukiyapikia maharage hayahitaji chumvi, na sufuria baada ya mwezi inakuwa na ukoko mweupe usiotoka hata kwa mchanga. Mzee Yona alikuwa na mapipa matatu chini ya bati la karakana ya kukinga maji ya mvua, na maji hayo yalikuwa ya rejeta peke yake. Aliyaandika kwa rangi nyekundu: SI YA KUNYWA. Yalikuwa matamu kuliko maji yote ya shamba, na kila mtu alijua. Kina mama wa jikoni walikuwa wakimtania kwamba anapenda matrekta kuliko wake za watu, na yeye alikuwa anajibu kwamba wake za watu hawana hedi ya injini ya kupasuka. Maji ya chumvi yakikaa ndani ya injini yanakula chuma kimyakimya. Slivu, yale mabomba mafupi ya chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka, yanatobolewa kwa nje kidogo kidogo, tundu dogo kama la sindano, kwa miaka, mpaka siku moja maji yanapenya. Nitalirudia jambo hili, kwa hiyo likumbukeni.

Mzee Yona alistaafu nikiwa na miaka kumi na mbili kazini, akaniachia spana zake na mapipa matatu. Hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba nifunge stoo vizuri, kwa sababu kitasa cha chini kinadanganya.

Miongoni mwa madereva niliowarithi alikuwepo Kaka Ramadhani, Msandawe wa upande wa Chemba. Alinizidi miaka minane, kwa hiyo kila asubuhi nilimwamkia, naye kila asubuhi aliitikia kisha akaniita Fundi kwa heshima iliyonifanya ninyooshe mgongo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akiwa anasikiliza injini alikuwa anasemasema peke yake kwa Kisandawe, kile chenye sauti za kugonganisha ulimi, na wenzake walikuwa wakisema anazungumza na trekta kwa lugha yake. Nilijaribu kujifunza salamu moja tu. Alinisikiliza kwa uvumilivu, akasema ni nzuri, ila nilichosema ni kitu kingine na nisikirudie mbele ya mama yake. Sijawahi kumwona dereva aliyelihurumia trekta kama yeye. Wengine walikuwa wanalima, yeye alikuwa anatembea na trekta shambani.

Nilikuwa na miaka ishirini kazini pale trekta letu moja la bluu lilipovunjika giaboksi kwa namna isiyotengenezeka. Ilikuwa Novemba, mvua hazijafika, na kwetu mvua zikifika hazisubiri mtu. Una wiki chache za kulima na kupanda, ukichelewa unapanda kwa ajili ya ndege. Meneja wetu wakati huo alikuwa kijana wa Mbeya, msomi, mwenye haraka lakini si mbaya. Akaniambia, "Fundi, nakuamini wewe. Nenda kachague, mimi nitasaini."

Nikatafuta huku na huku, mwisho nikasikia kwamba kuna trekta jekundu linauzwa Nzuguni, aina ileile tuliyokuwa nayo, spea tele. Aliyekuwa analiuza ni mzee aliyewahi kulima Kondoa, sasa amejenga Nzuguni, akaliweka uani. Na mzee huyo ni baba wa kijana aliyemwoa binti yangu Neema. Walikuwa wameoana miezi mitano tu kabla ya hapo.

Nyinyi mnaojua adabu ya wakwe mmeshaanza kucheka. Chekeni.

Nilituma salamu kwamba nitafika Alhamisi. Hilo lilikuwa kosa la kwanza: fundi hatumi salamu. Lakini ningefikaje uani kwa mkwe wangu bila taarifa, alfajiri, kama mgambo? Nilifika saa nne. Nyumba nzima imefagiliwa. Mkwe amevaa kanzu ya kutokea, mkewe amechinja kuku. Nikakaribishwa ndani, nikaletewa maji ya kunawa, chai, kisha wali. Tukaulizana habari za watoto, za kazi, za wazee wa pande zote mbili, mpaka wale waliokufa tukawaombea. Nilikuwa nasikia uani trekta linanguruma taratibu. Kumbe kijana wa pale ameliwasha tangu asubuhi, ili mgeni asisubiri.

Tulipotoka nje lilikuwa limepakwa rangi inayometa. Limeshapata moto. Mkwe akasimama kando, mikono nyuma, akasema, "Mkwe, trekta ni hilo. Wewe ndiye mwenye kazi yako, litazame."

Nililitazama. Nilizunguka mara mbili. Niliiona pedali ya klachi, si mbaya. Niliona tundu la plau, si mbaya. Halafu nikasimama mbele ya kifuniko cha oili, mkono ukiwa umeshanyooka, na mkewe akawa ametoka mlangoni kunitazama, anatabasamu, na kitambaa cha kupangusia mikono ameniandalia. Nikawaza: nikifungua hiki, na kile cha rejeta, na nikaomba lizimwe lipoe nilipime upya, nitakuwa nimewaambia nini watu hawa? Kwamba nimekula kuku wao na siamini neno lao. Kwamba mwanangu ameolewa kwenye nyumba ninayoishuku. Nikaushusha mkono. Nikapiga teke tairi, kama wanavyofanya watu wasiojua matrekta, nikasema, "Ni zuri, mkwe. Tunalichukua."

Sikuwahi kumuuliza kama alijua. Naamini alijua nusu, na nusu nyingine hakutaka kuijua. Mimi pia nilikuwa na nusu yangu.

Nililiendesha mwenyewe mpaka shambani. Nilipofika Msalato nilisimama kunyoosha miguu, nikaona kwenye shingo ya rejeta kuna unyevu na mvuke mwembamba. Nikajiambia ni joto la barabara. Nikapanda, nikaendelea. Niliingia getini watu wote wamekusanyika karakana, wanapiga makofi, meneja anapiga picha. Nikamkabidhi Kaka Ramadhani funguo, kwa sababu nilitaka trekta zuri liende kwa dereva bora. Yeye alilizunguka, akasikiliza kidogo, akanitazama usoni, akasema, "Hongera, Fundi."

Mvua zikaja. Wiki tatu trekta lile lililima bila shida, na mimi nikaanza kuamini kwamba nilikuwa na bahati. Nilikuwa nafika karakana saa moja, Kaka Ramadhani ameshapasha injini na kufunga plau, tunaamkiana, anaondoka.

Siku moja ya wiki ya nne alikuwa analima mbuga ya chini, ule udongo mweusi unaoshika plau kama unga wa ngano uliokandwa. Saa saba wakaja kuniita. Nilikuta trekta limesimama katikati ya mtaro, mvuke unatoka kila upande, injini imeshika na haizunguki. Kaka Ramadhani amekaa chini ardhini kando ya gurudumu, hajainua kichwa. Meneja alikuwa amefika kabla yangu.

"Uliangalia maji asubuhi?" alimuuliza.

"Niliangalia, Meneja."

"Sasa yameenda wapi?"

Kaka Ramadhani alinitazama mimi, kisha akatazama matope. "Sijui," akasema.

"Miaka yote hii unaendesha, hujui? Huu ni uzembe." Kesho yake asubuhi barua ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari. Aliisaini, akakunja ovaroli yake, akaiweka juu ya benchi langu, akaniaga kwa mkono. Sikusema kitu. Nilijiambia nisubiri kwanza nifungue injini, nijue.

Niliifungua siku mbili. Nilipochomoa slivu ya pili niliishika mwangani, nikakaa chini. Nje yake ilikuwa imefunikwa ukoko mweupe mnene kama wa sufuria ya jikoni kwetu, na chini ya ukoko chuma kimejaa vitundu. Viwili vilikuwa vimepenya kabisa. Mambo hayo hayafanyiki kwa wiki nne, tena kwa maji ya mvua ya mapipa yetu. Ile ilikuwa kazi ya miaka ya maji ya kisima. Trekta lilikuja kwetu likiwa limeshakufa, na ningefungua kifuniko kimoja tu uani pale Nzuguni ningejua.

Meneja alitaka ripoti. Nikaandika: injini imechemka kwa kupungukiwa maji, slivu nne, pistoni na ringi zibadilishwe. Kila neno lilikuwa la kweli. Nimeandika ripoti nyingi maishani, na hiyo peke yake ndiyo ninayoionea aibu, kwa sababu haikuwa na kosa hata moja.

Kisha nikanyamaza siku tisa. Sitawadanganya kwamba nilikuwa natafakari. Nilikuwa naogopa. Niliogopa meneja ajue kwamba fundi aliyemwamini alichagua kwa kupiga teke tairi. Niliogopa zaidi habari zifike Nzuguni, Neema aulizwe na mama mkwe wake kama mama yake ndiye anayesema wameuza mzoga. Kila asubuhi ovaroli ya Kaka Ramadhani ilikuwa pale juu ya benchi, nami nilikuwa naisogeza ili nifanye kazi.

Siku ya kumi alikuja dereva wa shamba la jirani kuazima grisi. Katika mazungumzo akaniuliza, "Eti ni kweli Ramadhani ndiye aliyeua trekta lenu jekundu? Alikuja kwetu kuomba kazi. Bosi alimkubali, halafu aliposikia, akamkataa. Na kule kwingine alikoenda ni hivyohivyo."

Hapo ndipo niliposhikwa. Dereva wa kwetu hana cheti, ana jina tu. Likisemwa kwamba fulani amepika injini, linatangulia kila anakokwenda, kutoka Chemba mpaka Kongwa. Alikuwa na miaka hamsini, na kimya changu kilikuwa kinamnyima ugali wake.

Nilichukua ile slivu, nikaenda ofisini, nikaiweka mezani juu ya karatasi za meneja. Ikaacha duara la oili juu ya kitu muhimu. Nikamweleza yote: chumvi, miaka, uani, kuku, mkono nilioushusha.

Akaigeuzageuza slivu. "Kwa nini hukuandika hivi mwanzo?"

"Kwa sababu muuzaji ni mkwe wangu, na aliyechagua ni mimi."

Nilisubiri barua yangu. Akasema, "Barua ya kumrudisha nitaiandika sasa hivi. Lakini utaipeleka wewe mwenyewe, Fundi. Mimi nilimwita mzembe mbele ya watu, na nitamwomba radhi mbele ya watu. Wewe nenda nyumbani kwake."

Nilikwenda Jumamosi. Nyumbani kwake ni mbele ya Chemba, unaacha barabara kubwa na kutembea kati ya mashamba ya mtama. Nilipiga hodi, mkewe, Mama Zuhura, akanipokea, akanipa kigoda, akanipa uji. Nilimwomba Kaka Ramadhani awaite na ndugu zake waliokuwa jirani, kwa sababu lawama alipewa hadharani. Wakaja wawili. Nikasema tena yote, mwanzo mpaka mwisho, na mara hii ilikuwa ngumu kuliko ofisini, kwa sababu hakuna aliyenikatiza. Nikampa barua. Nikamwomba msamaha, nikiwa nimeshika kigoda kwa mikono miwili.

Aliikunja barua bila kuisoma. "Nilijua, Fundi," akasema.

"Ulijua nini, kaka?"

"Siku ile ulipolileta nilisikia. Linapumua na maji. Kisha kila asubuhi nikifungua rejeta, yamepungua. Mwanzo jagi moja, baadaye mawili. Nikawa nafika saa kumi na mbili, naongeza kabla wewe hujaja. Siku ile ya mbuga yakawa yanaisha kwa kasi, nami niko mbali na mapipa."

Nilihisi uso unawaka. "Saa moja kila siku tunasalimiana, Kaka Ramadhani. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Uliingia nalo getini, watu wanapiga makofi. Wewe ndiye fundi. Nikajua umeona, na kama umeona na umenyamaza, una sababu yako. Si vizuri kumwaibisha mtu kwenye kazi yake."

"Na Meneja alipokuuliza maji yameenda wapi?"

"Ningesema yanavuja, angeuliza tangu lini."

Ndugu zake walitazama chini. Mama Zuhura alikuwa anapepeta mtama mlangoni, na nilidhani hasikilizi. Akaweka ungo chini.

"Mimi sijui trekta," akasema. "Kwa hiyo nisaidieni. Wewe mama ulimwonea haya mkwe wako. Huyu naye akakuonea haya wewe. Mkwe wako sijui naye alimwonea haya nani. Sisi hapa tumekula uji mtupu wiki mbili. Basi trekta lenu halikufa kwa maji. Limekufa kwa adabu."

Akachukua ungo wake akaendelea kupepeta. Nilikuwa nimebeba nusu mfuko wa maneno ya kuagia, sikutumia hata moja.

Jumatatu asubuhi Kaka Ramadhani alirudi. Meneja akamwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, kwa ufupi na kwa uso wa aibu, na nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa shahada yake. Trekta jekundu nilikuwa nimelimaliza usiku wa kuamkia Jumapili, slivu mpya, ringi mpya, gasketi mpya, nimefunga kila bolti kwa mkono wangu kwa sababu nilitaka angalau hilo liwe kamili. Mkwe wangu nilimpelekea zile slivu za zamani wiki iliyofuata, nikamwekea mezani, tukanywa chai. Neema bado ameolewa.

Lakini asubuhi ile ya Jumatatu. Kaka Ramadhani alivaa ovaroli yake, akapanda, akawasha. Watu wote bado wamesimama, meneja yupo, wapishi wametoka jikoni. Akakaa akisikiliza, anasemasema kwa Kisandawe chake. Kisha akazima injini, akageuka kwenye kiti, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, sauti ya kufika mpaka getini:

"Fundi. Pampu ya maji uliyoifunga inavuja."

Nitawaambia kweli, maana mmenipa daftari kwa ajili hiyo: kwa muda wa pumzi moja nilimchukia. Halafu nikachukua spana namba kumi na saba, nikaenda kutazama, na ilikuwa inavuja.